Mforosadi wa Sangelaj

Tehran, 9 Ordibehesht 1344

Dada yangu mpenzi Akdas,

Pokea salamu zangu na za Mahin, ambaye amenyoosha shingo juu ya bega langu hapa na kuniamuru nikuandikie kwamba anakupenda sana na anataka viatu vya bandarini kwenu. Sisi wazima. Goti langu limetulia tangu baridi iishe, na cherehani bado inatulisha. Shemeji Firuz hajambo? Miguu bado inavimba? Mwambie ailoweke kwenye maji ya chumvi, asijifanye kijana.

Mahin ana mtihani wa mwisho wa shule mwezi ujao, na kama wanafunzi wote wa mji huu, hawezi kusoma akiwa amekaa. Kila alasiri namsindikiza bustanini Sangelaj. Yeye anatembea na kitabu huku midomo inamchezacheza, mimi nakaa kwenye benchi nafuma. Sijui kama unaweza kuipata picha yake, dada. Ulipoondoka palikuwa vumbi na matofali, mbwa wamelala kwenye misingi ya nyumba zetu. Sasa pana nyasi, bwawa la bata, hata maktaba. Alfajiri wanakuja wanaume wanene kufanya mazoezi. Mchana wazee wanacheza sataranji na kutukanana, na askari wa likizo wanajipanga mbele ya mpiga picha mwenye kamera ya sanduku. Ijumaa huoni pa kutandika mkeka kwa wingi wa samawari. Watu wanakula matango pale tulipokuwa tunalala! Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi nami nakula matango.

Na ule mforosadi wetu wa uani upo. Mtaa mzima waliubomoa lakini baadhi ya miti ya nyuani waliiacha, na sasa manispaa imeipigilia vibao: mti mkongwe, urithi wa mji, marufuku kukata. Nilikuwa nimesimama nakisoma hicho kibao, sauti ya mwanamume ikasema nyuma yangu, "Bibi, huo mti ni wa mama yangu."

Nikamjibu bila kugeuka, "Muongo wewe. Ni wa mama yangu mimi."

Kisha nikageuka. Dada, alikuwa Jalil! Jalil wa Mama Sakine, jirani wa upande wa pili wa ukuta. Ana duka la lozi na zabibu kavu karibu na soko kuu. Mkewe alifariki zamani, hawakujaliwa mtoto. Tulicheka mpaka Mahin akaacha kitabu akaja kutazama kuna nini.

Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Badri

*

Abadan, 28 Ordibehesht 1344

Badri, mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Sisi ni wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima katika tanuri hili. Joto limekuja mapema, tunalala juu ya dari, na asubuhi shuka zina unyevu kama zimetoka kufuliwa. Firuz anakusalimu. Miguu ni ileile, na mimi macho yananisumbua. Parviz wangu ameajiriwa kiwandani pamoja na baba yake na anarudi nyumbani akinuka mafuta kama yeye, kwa hiyo sasa nafua za wawili. Viatu vya Mahin nitavitafuta, aniletee kwanza hayo matokeo.

Kuhusu mti. Mforosadi ulikuwa wetu. Shina lilikuwa uani kwetu, mkono wa kulia ukitoka jikoni, na ni matawi machache tu yaliyovuka ukuta kwenda kwao. Mama Sakine alikuwa na haki ya forosadi zilizoanguka upande wake, na hata hizo Mama alikuwa akizitolea macho. Mwambie hivyo huyo bwana. Wewe ulikuwa mtoto, huwezi kujua. Aliyekuwa akisimama chini ya ule mti ni mimi.

Sikuelewa mlichekea nini hata mtoto akaacha masomo yake. Mjane hacheki hivyo bustanini, Badri. Sisemi kwa ubaya.

Ana upara? Nauliza tu. Baba yake alikuwa nao.

Dada yako,
Akdas

*

Tehran, 18 Khordad 1344

Dada Akdas,

Tunakusalimu kwa mikono iliyonata. Forosadi zimeiva! Juzi Ijumaa wanawake wa mtaani kwangu tulikwenda na shuka nne, tukazishika pembe chini ya mti, na Jalil akavua koti akapanda. Ndiyo, akapanda, na umri wake huo. Akatikisa tawi, zikatumiminikia kichwani kama mvua. Mlinzi akaja mbio na filimbi yake.

"Nani anatikisa mti wa urithi?"

"Hakuna mtu," Jalil akamjibu kutoka juu. "Umejitikisa wenyewe, una furaha kutuona."

"Shuka chini, mzee, nikuandikie faini!"

"Nishuke vipi na wewe umesimama juu ya forosadi zangu?"

Mlinzi akajitazama miguuni, akarudi nyuma, akakanyaga nyingine, na wanawake wakapiga kelele kana kwamba amekanyaga mtoto. Mwisho alikaa nasi, akanywa chai, na akaondoka na kofia yake imejaa.

Basi tukabaki tunazungumza mpaka jua likazama. Jalil anakumbuka kila kitu, dada. Achari ya Mama na jinsi harufu yake ilivyokuwa ikivuka ukuta. Mama akimtukana paka kwa majina ya wafalme. Shimo la ukutani Jalil alimokuwa akifichia gololi zake. Na siku ile ya baridi nilipotumbukia hodhini, anasema ni yeye aliyeruka ukuta akanitoa kwa nywele. "Ulikuwa mwepesi kama kuku aliyelowa," ananiambia, mbele ya watu wote.

Hana upara. Ana mvi pembeni tu, zinampendeza.

Nakubusu,
Badri

*

Abadan, 30 Khordad 1344

Badri,

Salamu. Sote wazima.

Firuz aliniuliza jana, "Hivi barua ya Badri ina nini? Tangu ije umevunja sahani na umenikaripia kwa kupumua." Nikamwambia ni joto.

Aliyekutoa hodhini ni mimi. Nilikushika nywele kwa mkono huu huu unaoandika, nikalowa mpaka kifuani, na Mama alinipiga mimi kwa kutokuangalia. Yeye alikuwa juu ya ukuta anatazama. Alikuwa ananitazama mimi, kama unataka kujua. Usiruhusu watu wakuvike hadithi zisizo zako kwa sababu zina utamu.

Barua nzima nimeisoma, nikaigeuza nikaisoma tena. Achari imo. Gololi zimo. Paka yumo, hata paka! Mimi sikuishi katika nyumba ile? Mtu anakumbuka kila kitu, na hajauliza Akdas yuko wapi, ana watoto wangapi, yu hai au amekufa? Najua ameuliza. Amesema nini?

Unijibu hilo, habari za shuka na mlinzi ziache.

Akdas

*

Tehran, 11 Mordad 1344

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mahin amefaulu! Amekuwa wa tatu darasani kwake na sasa anatembea nyumbani kama waziri. Nimemshonea gauni la maua. Tunakushukuru kwa viatu, vimemkaa sawasawa, ila anasema kisigino kingeongezwa kidogo. Nimempa kofi dogo kwa niaba yako.

Kuhusu uliloniuliza: tumezungumza mambo mengi sana, siwezi kuyaweka yote kwenye karatasi. Jalil anakutakia afya njema.

Sasa nikuambie jambo, na ulisome ukiwa umekaa. Jumatatu iliyopita tulikuwa kando ya bwawa, Mahin amekwenda maktaba. Jalil alikuwa anawatupia bata makombo na hanitazami.

"Badri Khanum," akasema, "dada yangu mkubwa angependa kuja kwako kunywa chai."

"Karibu aje. Chai ipo."

"Hatakuja kwa ajili ya chai."

Nilijua ni posa, lakini nikafanya ubishi. "Kwani ana njaa?"

"Bata hawa wote wamekwisha elewa," akasema, "imebaki wewe tu."

Dada, miaka mitatu nimelala na cherehani upande mmoja na ukuta upande mwingine. Mahin akienda chuo cha ualimu nitabaki na cherehani peke yake. Jalil si tajiri na anakoroma, mwenyewe amekiri. Lakini nikiwa naye nakuwa mtu aliyetoka mahali fulani. Hakuna mwingine katika mji huu ninayeweza kumwambia "pale mlangoni petu" akageuza kichwa upande ulio sahihi.

Nilimwambia nina mkubwa wangu. Baba na Mama hawapo, na bila neno la Akdas siendi popote. Akasema, "Basi mwandikie."

Ndiyo nimekuandikia.

Badri

*

Abadan, 2 Mehr 1344

Badri,

Nimechelewa kwa sababu ya joto, na Parviz aliungua mkono kazini, si sana, amepona. Firuz anakusalimu. Hajui ninachokuandikia.

Unanitaka neno langu. Nitakupa, lakini kwanza usikilize jambo ambalo sijamwambia mtu.

Msimu wa kiangazi wa mwisho kabla hawajatubomolea, kila alasiri Mama akilala, Jalil alikuwa anakaa juu ya ukuta na kunirushia forosadi zilizofungwa kwenye jani. Hatukuzungumza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nazila zote, nalitunza jani. Halafu vuli ilipoingia, Mama Sakine alimwambia Mama ukutani, mimi nikiwa nyuma ya pazia, "Alhamisi nitakuja na peremende kwa jambo la heri." Jambo gani la heri, Badri? Wewe ulikuwa na miaka kumi na mbili na kamasi. Nyumba yetu ilikuwa na msichana mmoja tu wa kuolewa.

Jumanne wakaja watu wa manispaa na sururu. Walianza na paa la hamamu, kufika jioni vumbi lilikuwa kwenye sufuria zetu. Jumatano Mama Sakine na watu wake walipakia vitu kwenye mkokoteni wakaenda kwa ndugu zao, hatukujua wapi. Alhamisi tulilala kwa shangazi. Mwaka uliofuata nikaletwa huku.

Firuz ni mtu mwema. Hajanipigia kelele hata siku moja. Lakini miaka yote hii kila nikikaanga vitunguu katika joto hili nimejua kwamba si hapa nilipokuwa nakwenda. Wameweka bustani juu ya Alhamisi yangu, na sasa wewe unakaa juu yake, unakula matango.

Na unanificha salamu zake. Najua. Mtu aliyekuwa ananirushia zile forosadi hawezi kuniulizia kwa "anakutakia afya njema" kama balozi. Amesema kitu kuhusu mimi na wewe unaogopa kukiandika, kwa sababu ukikiandika utajua umeokota kilichoangushwa na mwenzako. Tangu utoto ulikuwa hivyo. Gauni langu likinibana, lako. Kitabu changu kikichanika, chako.

Neno langu ni hapana.

Akdas

*

Tehran, 20 Mehr 1344

Dada Akdas,

Salamu kutoka kwetu sisi wawili. Pole kwa mkono wa Parviz. Mahin ameanza chuo.

Nimemwambia Jalil hapana. Aliuliza kwa nini nikasema ni mambo ya kifamilia. Siendi tena bustanini. Naifuata njia ya nyuma nikienda kununua uzi.

Kuhusu salamu zake, sina cha kukuambia. Niite mwizi ukitaka, sitakujibu. Lakini usiniulize tena alisema nini juu yako, nakuomba kwa uhai wa Mahin.

Uliandika katika masika kwamba macho yako yanasumbua. Huku kuna daktari mzuri. Njoo mwezi wa Aban kabla baridi haijakaza. Godoro lako lipo, nimelishona upya.

Badri

*

Abadan, 6 Azar 1344

Badri wangu,

Nimefika salama. Treni ilichelewa Ahvaz, na mwanamke mwenye kuku wawili alinilalia begani usiku mzima. Firuz alinipokea stesheni amevaa tai. Miwani inanifaa, sasa naona vumbi lote la nyumba hii na ninasikitika. Mpe Mahin busu, mwambie supu yake ilikuwa na chumvi nyingi lakini nia ilikuwa njema.

Tulikaa siku zote zile, mimi na wewe, tunazungumza habari za vitambaa. Ulinipikia kila nilichokipenda utotoni, na mimi nikala nimenuna.

Siku ile niliyokuambia nakwenda kuchagua fremu ya miwani, nilikwenda bustanini.

Sikuhitaji kuonyeshwa. Majani yalikuwa yameanguka na wafagiaji walikuwa wanayakusanya malundo malundo. Nilipita lango, nikapita wacheza sataranji, na miguu ikajua yenyewe: hapa duka la mwoka mikate, hapa hamamu, hapa kona ya mbwa wa Mzee Taqi. Nikafika kwenye mti. Kwenye benchi alikuwepo mwanamume amekaa na mfuko wa lozi, hazili. Nilimjua kabla hajainua kichwa. Moyo wangu, Badri, katika umri huu, na mimi ni mama wa watoto wanne.

Nikakaa mwisho wa benchi. Akanisogezea mfuko kama watu wanavyofanya. "Karibu, Khanum."

"Samahani, bwana," nikasema. "Mti huu ulikuwa wa nyumba ya nani?"

"Wa jirani zetu," akajibu. "Mimi huwaambia watu ulikuwa wetu, lakini shina lilikuwa kwao."

Nikataka kuja mbio nikuambie.

"Walikuwa watu gani?"

Akaanza. Mama na achari yake. Baba na kikohozi chake. Paka. Wewe na hodhi. Anavyokusema, mdogo wangu, mtu mwenye miwani mibovu kuliko yangu angeona.

"Walikuwa na mtoto mmoja tu?" nikamuuliza.

"Alikuwepo na mkubwa."

"Alikuwaje?"

Akafikiri. Alifikiri kwa dhati, na hilo ndilo lililoniumiza. "Simkumbuki vizuri, Khanum. Alikuwa mrefu, nadhani. Tulikuwa vijana wapuuzi, tunakaa ukutani tunawarushia wasichana wa mtaa wote forosadi. Mama yangu siku zile alikuwa ananitafutia mke nyumba hii na ile, mimi sikuulizwa. Jina lake limenitoka. Aliolewa mbali." Kisha akasema, "Mdogo wake naye aliniuliza hivyo hivyo, katika masika. Nilipomwambia sikumbuki, akabadilika uso. Akanishika mkono akasema, 'Usimwambie mtu yeyote uliyoyasema sasa.' Mpaka leo sijui nilikosa nini. Sasa ameacha kuja."

Badri. Tangu masika ulijua. Nikakuita mwizi, na ulikuwa nalo neno moja tu la kunyamazisha mdomo wangu milele, ukaliweka moyoni. Ukamkataa mtu wako badala ya kuliandika.

Wazee wa sataranji walikuwa wanagombana. Kisha nikamwambia, "Mimi ndiye mkubwa. Naitwa Akdas."

Akasimama, lozi zikamwagika. Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Akdas Khanum! Bila shaka! Nakumbuka sana, ulikuwa na... ulikuwa unavaa lile..."

"Kaa chini, bwana Jalil," nikamwambia. "Ulianza na ukweli, usiharibu."

Akakaa. Tukaziokota lozi pamoja. Anapumua kwa shida akiinama, uangalie kifua chake. Nilipoondoka aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna matumaini kwamba utakuja tena bustanini. Nikasema, "Atakuja."

Nilirudi kwako na sikuweza kusema. Nilisema fremu zote zilikuwa mbaya. Ndiyo maana nakuandikia.

Dada yake aje anywe chai yake. Neno langu ni ndiyo, na nimelitoa mbele ya Firuz. Alifurahi, akauliza kama kutakuwa na wali wa zereshk, ule wa harusini. Tutakuja wote. Nitakaa mbele kama mkubwa wa familia, na nitakuwa na wivu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo siku hiyo usinitazame sana usoni. Wivu huu sasa si kwa ajili yake. Ni kwamba mna mahali mnapokumbukana, na mimi nimekumbuka peke yangu miaka yote hii.

Ombi langu ni moja. Habari za jani na za Alhamisi usimwambie. Usimdokeze, usimsaidie. Lakini siku moja akinikumbuka mwenyewe, hata tukiwa vikongwe bila meno, niandikie siku hiyohiyo.

Dada yako,
Akdas